Kamera ya Renjifainda Inapimaje Mwanga?

Mwanga ndio unaochora picha, na kabla haujachora sharti upimwe. Wasikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu namna kamera ya dijitali ya renjifainda inavyoupima mwanga huo. Mazungumzo yatakwenda hatua kwa hatua. Kwanza, renjifainda ni kamera ya namna gani? Pili, kipima mwanga hufanya kazi gani hasa, na kimekaa wapi ndani ya kamera? Tatu, njia za kupima ni zipi, na kila moja inafaa wapi? Mwisho, mpiga picha azitumieje mbele ya jua la mchana, shela nyeupe, sura nyeusi na taa za usiku?

Basi, renjifainda ni kamera ya namna gani? Ni kamera ambayo mwenye kuitumia hatazami kupitia lenzi. Huchungulia katika kidirisha kidogo cha kioo kilicho juu ya mwili wa kamera, upande mmoja. Katikati ya kidirisha hicho, kitu kinacholengwa huonekana mara mbili. Pete ya lenzi ikizungushwa, taswira hizo mbili hukaribiana, na zinapolala moja juu ya nyingine, fokasi imepatikana. Kamera inayojulikana zaidi katika aina hii ni Leica, ambayo kwao ni mji wa Wetzlar, Ujerumani. Leica M3 ya mwaka 1954 ndiyo iliyoweka umbo linalofuatwa mpaka leo. Kwa upande wa dijitali, kampuni ya Epson ya Japani ilitangulia na kamera ya R-D1 mwaka 2004. Leica ikafuata na M8 mwaka 2006, M9 mwaka 2009, M10 mwaka 2017 na M11 mwaka 2022. Mifano ya mazungumzo haya inatoka katika kamera hizo za Leica.

Kidirisha hicho kina tabia moja ya kuzingatiwa tangu mwanzo: hakionyeshi mwanga utakaoingia katika picha. Tundu la lenzi lifunguliwe au libanwe, mandhari ndani ya kidirisha hubaki na nuru ileile. Hata kifuniko cha lenzi kikisahaulika mahali pake, kidirisha kitaendelea kuonyesha kila kitu safi kabisa. Sasa mpiga picha atajuaje kama picha itatoka giza au itaungua kwa mwanga kupita kiasi? Kitakachomwambia ni kipima mwanga, kwa vitaa vyekundu vidogo vinavyowaka ndani ya kidirisha. Mwenye simu huiona picha kwenye kioo kabla hajaipiga. Mwenye renjifainda hukitegemea kipima, na kwa sababu hiyo hana budi kukijua vizuri.

Hatua ya pili, wasikilizaji: kipima mwanga hufanya kazi gani? Kiasi cha mwanga katika picha hutawaliwa na mambo matatu. Kuna tundu la lenzi, ambalo hufunguliwa au hubanwa kwa pete. Kuna shata, yaani pazia lililo mbele ya kihisio kinachoupokea mwanga, ambalo hufunguka kwa muda mfupi na kufunga. Na kuna ISO, ambayo ni kiwango cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga. Wapiga picha huuhesabu mwanga kwa stopu. Kuongeza stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili, na kupunguza stopu moja ni kuukata nusu. Shata ikitolewa kwenye 1/250 ya sekunde na kuwekwa 1/125, mwanga umeongezeka stopu moja. Pete ya tundu la lenzi ikitolewa f/8 na kuwekwa f/5.6, yaani tundu likifunguliwa zaidi, mwanga umeongezeka stopu moja pia.

Kipima husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, kisha hueleza ni kiasi gani kinatosha. Lakini hukisoma kila kitu kwa dhana moja: kwamba kinachotazamwa, kikichanganywa chote pamoja, kina rangi ya kijivu cha kati, kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kipima hakijui kama mbele yake kuna kanzu au buibui. Kikielekezwa kwenye kanzu nyeupe, hudhani kwamba ni kitu cha kijivu kilichopigwa na mwanga mwingi. Huupunguza mwanga, na kanzu hutoka ya kijivu. Kikielekezwa kwenye buibui jeusi, hudhani kwamba ni kitu cha kijivu kilicho gizani. Huuongeza mwanga, na buibui hutoka la kijivu. Jambo hili linastahili kurudiwa, maana ndilo msingi wa yote yanayofuata: chochote ambacho kipima kinakitazama, hutaka kukifanya cha kijivu.

Hilo likieleweka, njia za kupima nazo huwa nyepesi kueleweka. Njia ya kupima ni jibu la swali moja tu: kipima kitazame wapi? Mnunuzi wa mchele hulichoma gunia kwa bambo ili aone punje zilizo ndani. Anaweza kuchoma mahali pamoja, anaweza kuchoma zaidi katikati, au anaweza kuchoma pande zote na kulinganisha. Gunia ni lilelile, lakini hukumu yake hutegemea alipochoma. Kwa kamera pia, mandhari ni yaleyale na dhana ya kijivu ni ileile. Kinachobadilika ni eneo linalosomwa.

Je, kipima hicho kimekaa wapi? Leica M3 haikuwa nacho kabisa. Mpiga picha alipima kwa kifaa cha pembeni, ambacho kiliweza kupachikwa juu ya kamera. Mwaka 1971 ilitoka Leica M5, ya kwanza katika ukoo wa M kupima mwanga uliopita kwenye lenzi. Mwaka 1984 ikaja M6, iliyokuwa na doa jeupe kwenye pazia la shata. Mwanga ulipita kwenye lenzi, ukaligonga doa hilo, na seli ndogo ndani ya kamera ikausoma ule uliorudi. M8 na M9 za dijitali zilirithi mbinu hiyo ya kusoma mwanga unaorudishwa na pazia la shata likiwa limefungwa.

Mbinu hiyo ina faida mbili. Ya kwanza, eneo linalopimwa huifuata lenzi iliyofungwa: kwa lenzi ya milimita 28 ni pana, na kwa lenzi ya milimita 90 ni jembamba. Ya pili, mwanga hupimwa tundu la lenzi likiwa limebanwa kama litakavyotumika, na kichujio kikifungwa mbele ya lenzi nacho huhesabiwa humohumo. Lakini kwa kusoma pazia, kamera ina njia moja tu, ile inayoegemea katikati. Mwenye M9 akizitafuta njia nyingine kwenye menyu hatazipata, na kamera yake haina ubovu wowote.

Mambo yalibadilika pale kamera hizi zilipoanza kuonyesha picha kwenye skrini kabla haijapigwa, kuanzia kizazi cha kamera kilichoifuata M9. Kihisio chenyewe sasa kiliweza kuusoma mwanga, na kwa kuwa huona picha nzima, kinaweza kupima kwa njia zaidi ya moja. Katika M10, jicho likiwa kwenye kidirisha, kamera husoma pazia na kuegemea katikati. Skrini ikiwashwa, njia huwa tatu. Katika M11, kusoma pazia kumeachwa kabisa. Kamera ikiwashwa, shata hukaa wazi na kihisio hupima muda wote, hivyo njia zote hupatikana hata kwa anayechungulia kidirishani. Anayenunua kamera iliyokwisha kutumika na aulize kwanza: hii inasoma pazia au inasoma kihisio? Jibu la swali hilo litamweleza njia atakazozipata.

Hatua ya tatu, basi: njia zenyewe ni zipi?

Njia ya kwanza ni upimaji unaoegemea katikati. Kipima hutazama sehemu kubwa ya picha, lakini hulipa eneo la katikati uzito mkubwa zaidi, na uzito huo hupungua kadiri ya kuelekea kingoni. Ubora wa njia hii ni kwamba inatabirika. Kitu cheupe kikikaa katikati, picha itakuwa giza. Kitu cheusi kikikaa katikati, picha itaungua. Ni hivyo leo na ni hivyo kesho. Mpiga picha akiizoea, anajua kosa litakuwa upande gani kabla halijatokea, na anayejua kosa huweza kulirekebisha.

Njia ya pili ni upimaji wa nukta. Hapa kipima hutazama eneo dogo sana katikati ya picha na kuyapuuza mengine yote. Njia hii inafaa pale ambapo jambo muhimu ni dogo na mazingira yake yana mwanga tofauti kabisa: mtu aliyesimama kwenye mlango wa nyumba yenye giza huku nje jua likiwaka, au mwimbaji aliyemulikwa na taa moja jukwaani. Lakini nukta inahitaji uangalifu. Mpaka wa eneo linalosomwa haukuchorwa ndani ya kidirisha, na mkono ukiyumba kidogo nukta hutoka kwenye shavu ikaenda kwenye kola ya shati jeupe. Kipimo hubadilika kwa stopu nzima au zaidi. Anayeichagua nukta amekubali kuamua kila mara ni kitu gani kisomwe.

Njia ya tatu ni upimaji wa sehemu nyingi. Kamera huigawa picha katika vipande vingi, hukilinganisha kila kipande na wenzake, kisha programu yake hukisia ni mandhari ya namna gani na kuchagua kipimo. Kwa mandhari ya kawaida, kwa safari ya haraka, kwa barabara yenye watu wengi, njia hii hukosea mara chache. Kasoro yake ni moja, nayo ina uzito katika renjifainda: mpiga picha hajui programu imeamua nini. Je, imeliona jua lililo nyuma ya mtu na kuongeza mwanga, au haikuliona? Kwenye skrini jibu huonekana. Kidirishani halionekani, na mwenye kamera akiongeza marekebisho yake mwenyewe, huenda anarekebisha kitu ambacho kamera ilikwisha kukirekebisha.

Baadhi ya kamera za karibuni, M11 ikiwamo, zina njia ya nne, upimaji unaolinda sehemu zenye mwanga mkali. Kamera hutafuta mahali penye nuru kubwa na kuhakikisha hapaungui. Sababu yake ni tabia ya kihisio cha dijitali. Sehemu iliyoungua haina taarifa yoyote ndani yake, na hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha. Sehemu ya giza, picha ikiwa imehifadhiwa katika faili ghafi la DNG, huwa bado na mengi ya kuinuliwa. Anayepiga taa za jukwaani au mawingu ya machweo hufaidika na njia hii, mradi awe tayari kuviinua vivuli baadaye.

Njia zote nne, wasikilizaji, zinajibu swali lilelile: kipima kitazame wapi? Na kokote kitakakotazama, kitataka kukifanya cha kijivu. Hilo halibadiliki.

Sasa kipima huongeaje na mpiga picha? Kasi ya shata ikichaguliwa kwa mkono, alama tatu huonekana ndani ya kidirisha: pembetatu kushoto, kiduara katikati na pembetatu kulia. Kiduara kikiwaka peke yake, vipimo vimelingana na matakwa ya kipima. Pembetatu ya kushoto ikiwaka peke yake, mwanga umepungua kwa stopu moja au zaidi. Ya kulia ikiwaka peke yake, mwanga umezidi kwa kiasi hicho. Pembetatu na kiduara vikiwaka pamoja, tofauti ni kama nusu stopu. Ncha ya pembetatu huonyesha upande ambao pete ya tundu la lenzi izungushwe.

Gurudumu la shata likiwekwa kwenye herufi A, mpiga picha huchagua tundu la lenzi na kamera huchagua kasi. Kasi hiyo huandikwa kwa tarakimu nyekundu. Kitufe cha kupigia picha kikibonyezwa nusu na kushikiliwa hapo, kipimo hufungwa: kamera inaweza kugeuzwa kokote na kasi isibadilike. Vilevile kuna fidia ya mwanga, ambayo humwezesha mtumiaji kuiagiza kamera iongeze au ipunguze hadi stopu tatu, kwa hatua za thuluthi ya stopu. Vitu hivi viwili, kufunga kipimo na kufidia, ndivyo vinavyoipa njia yoyote ya kupima manufaa yake.

Hatua ya mwisho ni mifano.

Mfano wa kwanza: ufukweni saa sita mchana, mchanga mweupe na bahari inayometa, mvuvi amesimama kando ya ngalawa. Kipima kinachoegemea katikati kitasoma mchanga mwingi, kitapunguza mwanga, na uso wa mvuvi utatoka kama kivuli. Afanyeje? Aielekeze kamera kwenye kitu kisicho cheupe wala cheusi kilicho katika jua lilelile, kama vile majani ya mnazi, afunge kipimo, kisha arudi kwa mvuvi. Kama hakuna majani, kiganja cha mkono kinatosha. Kiganja huwa na weupe unaozidi kijivu cha kati kwa karibu stopu moja, kwa hiyo kipimo chake huongezewa stopu moja.

Mfano wa pili: bibi harusi amevaa shela nyeupe, bwana harusi amevaa suti nyeusi, nao wamekaa bega kwa bega. Kamera ikisogezwa kidogo kushoto inasoma shela. Ikisogezwa kulia inasoma suti. Picha kumi zinaweza kutoka na mwangaza wa namna kumi, ilhali mwanga wa ukumbini haukubadilika. Dawa yake ni kupima mara moja kwa makini, kuiweka kasi na tundu la lenzi kwa mkono, kisha kuviacha hivyo mpaka taa zibadilike. Mwanga ukiwa uleule, kipimo nacho kibaki kilekile, nguo ziwe za rangi yoyote.

Mfano wa tatu: sura nyeusi. Nukta ikiwekwa juu ya uso wenye weusi wa kukolea, kipima kitaung'arisha hadi ufikie kijivu cha kati, na mtu atatoka amepauka. Kipimo cha uso huo kipunguzwe, mara nyingi kwa karibu stopu moja. Uso wa maji ya kunde huwa karibu na kijivu cha kati, na huhitaji marekebisho machache au hauhitaji kabisa. Kwa kazi ya picha za watu jambo hili lina uzito, kwa sababu mtu ana haki ya kuonekana katika rangi yake.

Mfano wa nne: kibanda cha chakula usiku, taa moja kali ikining'inia juu ya meza. Taa ikiwa ndani ya picha, hukivuta kipima, nacho hupunguza mwanga, na muuzaji hupotelea gizani. Kamera ielekezwe kwanza mahali ambapo taa haionekani lakini nuru yake inafika, kipimo kifungwe, ndipo picha ipangwe. Taa yenyewe itaungua, na hilo halina ubaya: jicho halitarajii kuona chochote ndani ya taa inayowaka.

Mfano wa tano unahusu jua kali lisilo na mawingu. Kuna kanuni ya zamani inayofaa kukikagulia kipima: tundu likiwa f/16, kasi ya shata ikaribiane na namba ya ISO. Kwa ISO 200, kasi ni 1/250 hivi. Kipima kikisema jambo lililo mbali sana na hapo, kuna kitu kinakipotosha. Kanuni hiyohiyo hueleza kwa nini tarakimu huanza kuwaka na kuzima pale lenzi inapofunguliwa hadi f/1.4 juani. Kwa ISO 200 ingehitajika kasi ya karibu 1/32,000 ya sekunde, na shata ya M9 au M10 hukomea 1/4,000. Kwa kasi hiyo ya mwisho, tundu pana linaloruhusiwa ni f/4 hivi. Anayetaka zaidi ya hapo hana budi kufunga kichujio cheusi mbele ya lenzi.

Kwa muhtasari, wasikilizaji: kidirisha cha renjifainda hakionyeshi mwanga wa picha, kwa hiyo kipima ndicho cha kutegemewa. Kipima hutaka kila kitu kiwe cha kijivu. Njia ya kupima huamua tu kitazame wapi. Kuegemea katikati hutabirika, nukta hutaka uangalifu, sehemu nyingi huenda haraka lakini hukisia, na kulinda mwanga mkali huziokoa sehemu ambazo zikiungua hazirudi.

Kwa anayeanza na renjifainda, njia ya kuegemea katikati ndiyo ya kuchaguliwa kwanza. Ipo katika kamera hizi zote za dijitali, haibadiliki siku kwa siku, na pamoja na kufunga kipimo na fidia ya stopu moja au mbili inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Nyingine zifuate pale hiyo inapofika kikomo chake. Mwenye kamera na aitenge siku moja: apime kitu cheupe, cheusi na cha kijivu katika jua moja, apige vyote vitatu kama kipima kinavyosema, kisha aziweke picha hizo pamoja na kuzilinganisha.